Kuzuru Mahali pa Kale Pamoja na Babu na Wadogo Zetu

Je, mmepata kuingia katika ngome ya kale, au katika jumba la makumbusho? Wengi wenu mtajibu kwamba mmekwisha kwenda, maana mwalimu aliwapeleka darasa zima, mkapangwa mistari miwili, mkaambiwa msishike kitu, mkapita upesi chumba hata chumba, na jioni mkarudi nyumbani miguu ikiwauma. Kesho yake mlipoulizwa mliona nini, mmoja alisema, "Mizinga," wa pili akasema, "Vyungu," na wa tatu hakukumbuka ila maji ya miwa aliyoyanunua mlangoni.

Safari ya namna hiyo si mbaya. Lakini iko safari nyingine iliyo bora, nayo ndiyo tutakayoieleza katika somo hili. Ni safari ya kuzuru mahali pa kale pamoja na watu wa nyumbani: babu au nyanya upande mmoja, wadogo zako upande wa pili, na wewe mwanafunzi katikati yao.

Huenda mtu akauliza, "Ya nini kufuatana na mzee asiyeweza kupanda ngazi upesi, na mtoto asiyejua kusoma? Si watanichelewesha?" Naam, watakuchelewesha, wala hatutaficha jambo hilo. Walakini kuchelewa huko kuna faida yake, na kabla ya mwisho wa somo hili mtaiona.

1. Makumbusho ni Nini?

Neno makumbusho latokana na kukumbusha. Vitu vilivyomo katika jumba la makumbusho vimewekwa humo ili vitukumbushe watu waliovitengeneza na kuvitumia. Kigae cha sahani ya Kichina, ukikiokota njiani, ni takataka tu. Lakini ukikiona ndani ya sanduku la kioo, na chini yake pameandikwa kwamba kilifukuliwa katika magofu ya mji wa pwani, hapo chaanza kusema nawe. Chakuambia kwamba zamani sana palikuwa na mtu aliyekula wali katika sahani hiyo, na kwamba sahani yenyewe ilivuka bahari ndani ya chombo kutoka nchi ya mbali. Wahenga wetu walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Nasi twaweza kusema hivyo juu ya kila kitu cha kale: kina mtu aliyekifanya, na mtu huyo alikuwa na mikono, na njaa, na watoto, kama sisi.

Basi habari za kale zina makao mawili. Makao ya kwanza ni mawe, na vyombo, na maandiko. Hayo huwekwa katika ngome na majumba ya makumbusho, na yakitunzwa vema hudumu miaka mingi. Makao ya pili ni vichwa vya wazee. Humo mna habari ambazo hazikuandikwa popote, nazo hazidumu ila kadiri ya umri wa mwenyewe. Mtu aendaye kwenye ngome peke yake husikia nusu moja ya habari. Akienda na mzee, huenda akaisikia na nusu ya pili.

2. Ngome ya Yesu, Mombasa

Ili tufahamu vizuri, tuchukue mahali pamoja panapojulikana na wengi, nayo ni Ngome ya Yesu katika kisiwa cha Mombasa, ambayo wengi huiita Fort Jesus.

Ngome hii yasimama juu ya mwamba wa matumbawe, penye mlango wa bandari ya kale, hata chombo kisiweze kuingia bandarini bila kuonekana. Waliojenga ni Wareno. Kazi ilianza mwaka 1593 na kumalizika mwaka 1596, kwa amri ya mfalme Philip II wa Hispania, ambaye siku zile alitawala na Ureno pia. Ramani yake ilichorwa na fundi wa Kiitalia, jina lake Giovanni Battista Cairati. Ukitazama ramani hiyo kutoka juu, utaona umbo kama la mtu aliyelala chali, kichwa chake kikielekea baharini, na buruji za pembeni zikiwa kama mikono na miguu. Upande wa nchi kavu walichimba handaki katika mwamba, ili adui asiweze kuufikia ukuta kwa urahisi. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kushikamanishwa kwa chokaa, nayo chokaa ya pwani hupatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya kuni nyingi. Hivyo bahari ndiyo iliyotoa mawe, na bahari ndiyo iliyotoa chokaa.

Tangu ilipojengwa ngome haikukaa kwa raha. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa, aliyekuwa amelelewa na Wareno huko Goa, aliwageukia, akaingia ngomeni na kuitwaa. Mwaka uliofuata aliiacha akaenda zake, na Wareno wakarudi. Mwezi wa Machi mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira, na mazingira hayo yakaendelea karibu miaka mitatu, hata Desemba mwaka 1698. Ndani ya ngome njaa na maradhi viliwaua watu wengi kuliko risasi. Ulifika wakati, mwaka 1697, ambapo maofisa wa Kireno walikuwa wamekufa, na ulinzi ukawa mikononi mwa Shehe Daud wa Faza na jamaa zake, pamoja na Waafrika wachache wanaume na wanawake wapatao 50. Fikirini habari hiyo. Sisi hudhani kwamba ngome hulindwa na askari wenye mavazi mazuri na ngoma; kumbe kwa muda ngome hii kubwa ililindwa na ukoo mmoja na wanawake waliokuwamo.

Mwaka huo huo merikebu ya Kireno, jina lake Santo António de Tanná, ilikuja kuwasaidia waliozingirwa, ikazama mbele ya ngome. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280, mpaka miaka ya 1970 wapiga mbizi wataalamu walipoichunguza na kutoa vitu vyake, na baadhi ya vitu hivyo vimewekwa katika makumbusho ya ngome.

Waomani walipokwisha kuishika ngome, mambo hayakutulia bado. Mwaka 1728 Wareno walirudi, na mwaka 1729 watu wa Mombasa wakawatoa. Baadaye ilikaliwa na maliwali wa ukoo wa Mazrui, mpaka mwaka 1837 Seyyid Said alipoitwaa. Mwaka 1875 manowari za Waingereza ziliipiga kwa mizinga, kwa sababu jemadari mmoja aliyekuwamo alikuwa amemwasi Sultani wa Unguja. Kati ya mwaka 1631 na mwaka 1875 ngome hii ilitwaliwa mara tisa, ikatoka mkono huu ikaingia mkono huu.

Kisha mwaka 1895 serikali ya Waingereza iliigeuza kuwa kifungo cha wahalifu, na kazi hiyo ikaendelea hata mwaka 1958. Hapo ikatangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Uchimbaji ukafanywa, vyumba vikatengenezwa, na mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiandika ngome hii katika orodha ya urithi wa dunia.

Liko neno moja la kuangalia hapa. Sisi huita nyumba ya wafungwa gereza. Wataalamu wa lugha husema kwamba neno hili latokana na neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Kwa kuwa ndani ya ngome ya Wareno mlikuwa na kanisa, watu wa pwani wakaiita ngome nzima kwa jina hilo. Baadaye, ngome zilipotumiwa kuwafungia watu, neno likashika maana tuijuayo leo. Meza, bendera na leso nayo ni maneno ya Kireno. Basi mtoto asemaye, "Mama, leso yako iko juu ya meza," anasema maneno mawili yaliyotoka Ureno, wala hajui.

3. Jamaa Moja Ngomeni

Haya tuliyoyasema twaweza kuyasoma vitabuni. Sasa tutie mfano wa mambo yasiyosomwa vitabuni. Tuseme ilikuwako jamaa moja ya Mombasa, iliyokaa upande wa bara. Siku ya likizo mvulana wa darasa la saba alimwomba babu yake wafuatane kwenda ngomeni, yeye na dada yake mdogo, mwenye umri wa miaka mitano. Babu alikataa mara mbili, akisema miguu yake haina nguvu. Mara ya tatu alikubali, lakini bila furaha.

Walipovuka mlango, msichana alianza kuhesabu mizinga, na alipofika wa sita akapotewa na hesabu, akaanza tena. Kisha akauliza kwa sauti kubwa, watu wote wakasikia, "Babu, Wareno walipokuwa hapa, wewe ulikaa chumba gani?"

Babu akacheka sana. Akasema, "Mjukuu wangu, mimi ni mzee, lakini si mzee kiasi hicho."

Wakaendelea pole pole. Penye michoro ya ukutani, iliyochorwa zamani na Wareno wenyewe, msichana alisimama kitambo kirefu akiitazama merikebu, maana alishangaa kuona kwamba hata watu wazima huchora kutani. Mvulana akawasomea maandishi ya kibao kimoja baada ya kingine, kwa kuwa macho ya babu hayakuona tena herufi ndogo. Hata wakafika penye kibao kisemacho kwamba ngome ilikuwa gereza mpaka mwaka 1958. Mvulana akasoma, akataka kupita. Lakini babu hakuondoka. Alitafuta mahali penye kivuli, akaketi, akakaa kimya.

Mvulana akauliza kwa adabu, "Babu, umechoka?"

"Sikuchoka," akajibu babu. "Baba yangu alilala humu miezi sita. Mimi nilikuwa na umri wa miaka minane. Mama yangu alinichukua siku moja, tukasimama chini ya ukuta, upande wa nje. Nikatazama juu, nikidhani labda nitamwona. Sikuona ila mawe. Tangu siku ile, kila nilipopita njia hii, niligeuza uso."

Yule msichana akauliza, "Baba yako alikuwa mwizi?"

Kaka yake akaona haya, akataka kumnyamazisha. Lakini babu akainua mkono. "Mwache aulize. Kwa miaka sabini hakuna aliyeniuliza. La, mama, hakuwa mwizi. Aligombana na msimamizi wake wa kazi kwa ajili ya ujira, wakashikana, na yule msimamizi akaanguka."

"Je, alirudi nyumbani?"

"Alirudi. Alikuwa amekonda, lakini alinibeba mabegani."

Msichana akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi twende juu, tukamwangalie yule mtoto aliyesimama nje."

Wakapanda. Walipumzika mara tatu njiani, mvulana akimshika babu mkono wa kuume, na msichana akimshika wa kushoto. Walipofika juu ya ukuta babu akatafuta kwa macho, kisha akawaonyesha mahali kwa kidole. Palikuwa na njia, na majani, na mtu mmoja akiuza machungwa. Hapakuwa na neno lo lote la ajabu. Babu akasema, "Kutoka hapa pangeonekana vizuri sana. Labda aliniona."

4. Yaliyotokea Siku Ile

Enyi wasomaji, tuangalie sasa yaliyotokea. Kibao kilikuwa na maneno machache tu: gereza, mwaka 1895, mwaka 1958. Maneno hayo ni ya kweli, na bila hayo mzee asingekumbushwa. Lakini kibao hakikuwa na mtoto aliyesimama chini ya ukuta. Mtoto huyo alikuwamo kichwani mwa babu, naye babu alikuwa amemficha miaka mingi.

Ni nani aliyemtoa? Kwanza ni mvulana, kwa kuwa alijua kusoma, akamsomea mzee. Pili ni msichana, kwa kuwa hakujua bado maswali gani huulizwa na maswali gani huachwa. Mtoto mdogo huuliza lile ambalo sisi wakubwa twaliogopa. Mara nyingine swali lake si la adabu, nasi yafaa tumfundishe; lakini mara nyingine ndilo swali lenyewe, lililongojewa siku nyingi.

Na kama wangepita upesi, kama tulivyopita sisi mistari miwili, babu asingeketi, na asingeketi asingesema. Hiyo ndiyo faida ya kuchelewa.

Tena kumbukeni kwamba wazee hawangoji. Jumba la makumbusho likifungwa leo, kesho litafunguliwa. Mzee akifumba macho, habari zake hazifunguliwi tena. Ngome ile imesimama zaidi ya miaka 400, na yaelekea itasimama bado mtakapokuwa na wajukuu wenu. Lakini mtu aliyeiona ikiwa gereza, naye akiwa na akili ya kukumbuka, leo ni mzee sana, na kila mwaka watu wa namna hiyo wapungua.

5. Jinsi ya Kuzuru

Basi yafaa tujue namna ya kufanya safari hii, isije ikawa taabu kwa wazee na machozi kwa watoto.

Kwanza, chagueni wakati mwema. Nendeni asubuhi, kabla jua halijawa kali, maana kuta za mawe hushika joto la mchana. Chukueni maji ya kunywa na kofia au mwavuli. Mkifika, ulizeni palipo na kivuli, mahali pa kuketi, na choo, kabla hamjauliza palipo na mizinga. Mwenye akili huangalia kwanza haja za aliye dhaifu.

Pili, msitake kuona yote. Chumba kimoja kilichotazamwa vizuri chapita vyumba kumi vilivyopitwa mbio. Mtoto mdogo mpeni kazi moja ya macho: ahesabu mizinga, au atafute picha za merikebu, au aonyeshe kila mlango uliochongwa. Mtoto mwenye kazi halii. Akianza kuchoka, mtoeni nje apate kukimbia kidogo uwanjani, kisha mrudi.

Tatu, mwendo wenu uwe mwendo wa aliye wa polepole kuliko wote. Haraka haraka haina baraka. Mzee akisimama, simameni, akiketi, ketini. Msimwambie, "Babu, twende, wenzetu wametuacha." Na juu ya kuta, na karibu na kisima, na penye ngazi zisizo na ukingo, mkono wa mtoto usiachwe hata dakika moja.

Nne, someni kwa sauti. Wewe mwanafunzi ndiwe macho ya babu na masikio ya mdogo wako. Kibao kikiandikwa kwa Kiingereza, nawe wakijua Kiingereza, kifasiri kwa maneno mepesi. Kazi hiyo itakusaidia wewe mwenyewe, maana mtu hafahamu neno sawasawa mpaka amlipofahamisha mwingine.

Tano, uliza kwa heshima, kisha ngoja. Usimwambie mzee, "Nieleze historia." Neno hilo ni zito, naye atakujibu kwamba hakusoma. Mwulize habari ndogo: "Nyanya, kwenu mlikuwa na mtungi kama huu? Nani alichota maji? Uliuvunja?" Swali dogo hufungua mlango mkubwa. Lakini mzee akinyamaza, usimlazimishe. Mambo mengine ya kale yana uchungu, na mwenyewe ndiye ajuaye saa ya kuyasema.

Sita, ikiwa babu atasema neno lisilopatana na kibao, usimkatize mbele ya watu. Huenda babu amesahau. Huenda pia aliyeandika kibao hakupata habari zote. Liandike neno la babu, uliandike na la kibao, kisha umwulize mwalimu au mtunzaji wa makumbusho. Kupima neno kwa neno hivyo ndiyo kazi ya wenye kuandika historia.

Saba, tunzeni mahali penyewe. Msiandike majina yenu kutani, msipande juu ya mizinga, msiondoke na hata kijiwe kimoja. Mkimwona mtoto aking'oa chokaa kwa kucha, mwonyeni kwa upole. Kila mgeni akichukua kijiwe, wajukuu wetu watakuta shimo.

6. Kama Hukai Mombasa

Huenda wewe unayesoma unakaa mbali na Mombasa, ukasema somo hili si lako. Sivyo. Karibu na Malindi liko gofu la mji wa Gede, lenye msikiti na nyumba za mawe katikati ya msitu. Karibu na Bagamoyo yako magofu ya Kaole. Kusini kabisa kiko Kilwa Kisiwani, ambako mtu hufika kwa chombo. Katika nchi ya Wahehe, huko Kalenga karibu na Iringa, liko jumba dogo la makumbusho lililohifadhi fuvu la kichwa cha Mtwa Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898. Fuvu hilo lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wazee waliokuwa watoto mwaka ule labda wanakumbuka walivyosikia wazazi wao wakisema juu ya kurudi kwake. Wakati wa kuwauliza ndio huu.

Na kama karibu nanyi hakuna ngome wala gofu, liko daraja la kale, au kituo cha gari moshi, au kisima, au mwembe ambao chini yake watu walikuwa wakifanya baraza. Mpelekeni mzee hapo. Mahali pa kale si lazima pawe na mlinzi na tikiti.

7. Mkirudi Nyumbani

Safari haimaliziki mlangoni mwa ngome. Jioni, baada ya chakula, mwacheni mdogo wenu asimulie aliyoyaona. Atachanganya mengi, nanyi mtacheka, lakini mtajua ni lipi lililomwingia moyoni. Kisha wewe chukua daftari, uandike tarehe ya siku, majina ya waliokwenda, na maneno ya mzee kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Mwisho msomee mwenyewe, aseme, "Ndivyo," au "Sivyo." Ukifanya hivyo umejenga makumbusho madogo katika nyumba yenu, nayo yaweza kutoshea ndani ya mkoba wa shule.

Hivyo ndivyo alivyofanya yule mvulana tuliyemtaja. Aliandika kurasa mbili, akamsomea babu yake. Babu akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndivyo. Lakini umesahau neno moja. Andika kwamba mama alikuwa amevaa leso nyekundu, ili baba aweze kututambua kutoka mbali."

Mvulana akaandika.

Maswali

1. Habari za kale zina makao gani mawili? Ni yapi yanayodumu zaidi?
2. Ngome ya Yesu ilijengwa na nani, na kwa mawe ya namna gani?
3. Ni nani walioilinda ngome mwaka 1697, maofisa wa Kireno walipokuwa wamekufa?
4. Neno gereza latoka wapi? Taja maneno mengine mawili yaliyotoka katika lugha ya Kireno.
5. Kwa nini babu hakutaka kwenda ngomeni? Msichana alimsaidiaje?
6. Mwulize mzee mmoja wa kwenu habari za kitu kimoja cha kale alichokitumia alipokuwa mtoto. Andika maneno yake, kisha umsomee.